Uchi wa Baba, Deni la Baba

Masomo: Mwanzo 9:20-27, Hesabu 5:5-8, Mathayo 1:1-6, Luka 19:1-10



Mchungaji alipotuhubiria juu ya Zakayo, alituuliza swali moja: ukiokoka leo, yule uliyemdhulumu jana anapata nini? Kanisa lilisema amina. Mimi pia nilisema amina, lakini kwa sauti ya chini, kwa maana swali hilo lilikuwa limetukalia nyumbani kwetu mwaka mzima. Nimeombwa niandike, na nimekubali. Sitataja jina la mtu yeyote.

Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kule nyumbani. Aliokoka mwaka 1984 na akahubiri hadi miguu ikakataa. Tulipokuwa tukijiandaa kwa ibada ya kumkumbuka, miaka kumi tangu alale, ndugu zangu waliniambia, "Wewe ndiwe mwalimu wa historia, wewe andika historia ya mzee." Basi nikavuta lile sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani kulikuwa na barua, risiti za karo, picha za harusi, madaftari ya mahubiri, na chini kabisa daftari moja la jalada gumu ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

Lilikuwa daftari la kikundi cha mabati. Wazee wetu wanakumbuka vikundi hivyo: akina mama wanachanga shilingi kidogo kidogo kila mwezi, na zamu ikifika kwa mmoja, nyumba yake inaezuliwa nyasi na kuwekwa mabati. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hivyo walimtafuta mtu wa kuwaandikia hesabu. Mtu huyo alikuwa baba.

Katika ukurasa wa mwaka 1978 mwandiko wake umebadilika, umekuwa mdogo. Ameandika hivi: "Zamu ya mama huyu haikufika. Nililipa karo ya mtoto, kidato cha kwanza. Niliwaambia pesa zimekwisha kwa gharama. Nilidanganya." Halafu kwa kalamu ya rangi nyingine, nadhani baada ya kuokoka: "Mungu anisamehe." Basi. Hakuna mahali ameandika kwamba alirudisha.

Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huo ni mimi.

Nilikaa sakafuni na lile daftari hadi giza likaingia. Yule mama nilimjua. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, na alifia chini ya nyasi.

Niliwaita ndugu zangu, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Dada yetu mkubwa alisema, "Wewe, unataka kufunua uchi wa baba? Soma Mwanzo 9 uone yaliyompata Hamu." Kaka yangu akasema, "Mzee alitubu. Damu ya Yesu ilifuta. Unataka kumshtaki mtu ambaye Mungu amemwachilia?" Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na jibu fupi: "Chana huo ukurasa, tia motoni, tuendelee na mipango ya chakula."

Wapendwa, hawa si watu wabaya. Wanampenda baba. Na swali lenyewe si dogo: je, kumpenda mzazi aliyelala ni kuficha kosa lake, au ni kulitoa? Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha historia niliokuwa nikiwaandalia wanafunzi wangu, na ndani yake mtu mmoja ambaye ningependa mumjue.

Mtu huyo ni Mhispania, anaitwa Bartolomé de las Casas. Alizaliwa katika mji wa Sevilla mwaka 1484. Baba yake, Pedro, alikuwa mfanyabiashara, na mwaka 1493 alipanda merikebu pamoja na Kristofa Kolumbasi katika safari ya pili ya kwenda Amerika. Aliporudi alimletea mwanawe zawadi. Unajua zawadi hiyo ilikuwa nini? Ilikuwa kijana, mwenyeji wa visiwa vile, awe mtumwa wake. Mwaka 1500 Malkia Isabella aliamuru watumwa wa aina hiyo waachiliwe na kurudishwa kwao, na yule kijana akaondoka. Haya tunayajua kwa sababu Las Casas mwenyewe aliyaandika. Hakumfichia baba yake.

Mwaka 1502 baba na mwana walivuka bahari pamoja hadi kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kina nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na mfumo ulioitwa encomienda. Mfalme anamkabidhi Mhispania kundi la wenyeji wamfanyie kazi shambani na machimboni, naye anaahidi kuwalinda na kuwafundisha Injili. Kwa maneno ni ulezi. Kwa matendo ilikuwa utumwa, na watu walikufa kwa kazi, njaa na magonjwa hadi vijiji vikabaki mahame. Las Casas alipewa watu wake kama wengine. Baadaye akawa kasisi, na bado alikuwa na watu wake.

Desemba 1511, katika mji wa Santo Domingo, mtawa mmoja aitwaye Antonio de Montesinos alipanda mimbarini na kuwaambia wakubwa wa mji kwamba wako katika dhambi ya mauti kwa jinsi wanavyowatenda wenyeji. Aliwauliza wana haki gani ya kuwatumikisha, na kama hawa nao si binadamu wenye roho. Watu walikasirika. Walikwenda kwa gavana, wakataka mtawa ajirudi. Jumapili iliyofuata walijaa kanisani wakingoja aombe radhi, naye akahubiri yale yale kwa ukali zaidi. Mahubiri hayo tunayo leo kwa sababu Las Casas aliyahifadhi katika kitabu chake cha historia. Lakini angalieni jambo hili: wakati huo hayakumgeuza. Hata mtawa mmoja alipokataa kumpa maondoleo katika kitubio kwa sababu alikuwa na wenyeji mkononi, Las Casas alibishana naye na kushikilia mali yake. Hili pia ameliandika mwenyewe.

Alikwenda Kuba pamoja na majeshi ya Wahispania, akaona kwa macho yake wenyeji wakichinjwa, wanaume, wanawake na watoto. Baada ya hayo akapewa tena ardhi na watu kando ya mto Arimao.

Ndipo ikaja mwaka 1514. Alikuwa akitayarisha mahubiri ya sikukuu ya Pentekoste, ndiyo, Pentekoste yetu hii, awahubirie Wahispania wa Kuba. Akifunua Maandiko akafika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34. Sisi hatukihesabu kitabu hicho katika Biblia yetu, lakini ujumbe wa sura ile unafanana na wa Amosi na Isaya: kwamba sadaka iliyotokana na dhuluma ni dhihaka mbele za Mungu, na anayemnyima maskini mkate wake amemwaga damu. Kasisi akasoma yale aliyotaka kuwasomea wengine, na Neno likamgeukia yeye. Siku kadhaa alitafakari. Kisha akamwendea gavana wa Kuba, akamwambia anawaachilia watu wake. Tarehe 15 Agosti 1514 alihubiri hadharani katika mji wa Sancti Spíritus. Jina hilo kwa Kiswahili ni Roho Mtakatifu.

Nikifika hapo nilitaka kufunga kitabu na kusema haleluya. Huo ungekuwa ushuhuda mzuri wa dakika tano: nilikuwa hivi, Bwana akanigusa, sasa niko hivi. Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonipiga.

Las Casas alirudi Uhispania kuwatetea wenyeji wale. Mwaka 1516, katika mapendekezo yake kwa wakuu wa serikali, alishauri kwamba ili wenyeji wapumzishwe, waletwe watumwa wengine, wakiwemo watu weusi. Akarudia ushauri wa namna hiyo mwaka 1518. Mwaka huo huo mfalme alitoa kibali cha kupeleka Waafrika 4,000 visiwani. Si yeye aliyeanzisha biashara hiyo. Wareno walikuwa wakiwateka watu wa Afrika Magharibi tangu karne iliyotangulia, na Waafrika walikuwa wamekwisha kufikishwa Hispaniola. Lakini sauti yake iliongezwa kwenye mizani. Mtu aliyemtetea jirani mmoja alimweka jirani mwingine mahali pake. Na huyo jirani mwingine ni sisi.

Alikuwa na nia njema. Baba yangu naye alikuwa na nia njema. Alitaka mtoto wake asome.

Miaka ilipita. Las Casas akawa mtawa, kisha askofu wa Chiapas, huko Meksiko. Mwaka 1546 aliwaandikia makasisi wake kanuni: mwenye watumwa au mali ya dhuluma akija kutubu, asipewe maondoleo mpaka awe amekubali kurudisha. Hata aliye kitandani anakaribia kufa, aitwe mwandishi, aandike kwanza atakavyorudisha. Wahispania walimchukia kwa kanuni hizo. Mwaka 1550 na 1551 alisimama katika mji wa Valladolid kubishana na msomi Juan Ginés de Sepúlveda, aliyesema kwamba vita dhidi ya wenyeji ni halali.

Na katika uzee wake, akiandika kitabu chake kikubwa cha historia ya nchi zile, alifika mahali pa kusimulia ule ushauri wake juu ya Waafrika. Angeweza kuruka. Nani angejua? Hakuruka. Alikuwa amesoma habari za Wareno na kujua jinsi watu wetu walivyokamatwa, na akaandika kwamba utumwa wao ni dhuluma sawa na ule wa wenyeji, kwamba yeye alikosa, na kwamba hana hakika kama kutojua kwake na nia yake njema vitamtetea mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu. Kitabu hicho aliagiza kisitolewe mpaka ipite miaka 40. Alikufa mwaka 1566. Kilikuja kuchapishwa mwaka 1875.

Wapendwa, hebu tutulie hapo kidogo. Huyu ni mtu wa Mungu aliyepigana vita vya haki zaidi ya miaka 50. Sisi tungemwandikia wasifu tukaiacha sehemu hiyo. Yeye aliiweka. Na kwa sababu aliiweka, mimi Mwafrika naweza kumwamini katika mengine aliyoyasema.

Sasa nirudi kwa dada yangu na uchi wa baba.

Nilisoma Mwanzo 9 mara nyingi. Nuhu alilewa akalala uchi hemani mwake. Hamu aliona akaenda kuwatangazia ndugu zake nje. Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume wakamfunika. Dada ana haki: kuna kufunua ambako ni kiburi tu, kijana anacheka udhaifu wa mzee wake ili yeye aonekane msafi. Huko sitaki kwenda. Lakini niulize: Nuhu akiwa amelala pale, ni nani aliyekuwa akimdai? Hakuna. Aibu yake ilikuwa yake mwenyewe. Vazi la Shemu lilifunika uchi, halikufunika mali ya mtu. Kama Nuhu angekuwa amelalia blanketi la mjane, je, Shemu angelifunika blanketi nalo na kusema ni upendo?

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Aibu ya mzazi tunaweza kuifunika, na ni vizuri. Deni la mzazi hatuwezi kulifunika, kwa sababu si letu kulificha. Ni la mwenye kudai.

Kaka yangu naye nilimjibu kwa Maandiko. Ni kweli damu ya Yesu ilimsafisha baba. Sina shaka nitamwona. Lakini Zakayo hakurudisha ili aokolewe; wokovu uliingia nyumbani mwake, na mkono wake ukaenda mfukoni. Kaka akaniambia, "Ezekieli 18 inasema mwana hatabeba uovu wa babaye." Amina. Hatia sikuirithi. Lakini karo niliila. Mshahara wangu, nyumba yangu, hata hii kalamu ninayoandikia, vimeota juu ya zamu ya yule mama. Hatia hairithiwi, mali hurithiwa. Na Hesabu 5 inatuambia wazi kwamba aliyedhulumu arudishe na kuongeza sehemu ya tano, na kama aliyedhulumiwa hayupo, basi atafutwe jamaa yake. Mungu alijua kuna watu watakufa kabla ya kulipwa.

Mdogo wetu, yule wa kutia ukurasa motoni, nilimfungulia Mathayo 1. Huu ni ukoo wa Bwana wetu, daftari la familia yake. Mathayo anapofika kwa Daudi angeweza kusema tu Daudi alimzaa Sulemani. Badala yake anaandika kwamba Sulemani alizaliwa na yule aliyekuwa mke wa Uria. Uria alikuwa amekufa miaka elfu moja. Hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtetea. Lakini jina lake limo kwenye ukoo wa Mwokozi, kila Krismasi linasomwa. Roho Mtakatifu hakuchana ukurasa.

Hatukukubaliana sote. Dada alibaki na msimamo wake, na mpaka leo tukikutana tunaongea habari za mvua na ng'ombe. Mimi na kaka tulivuka kijito.

Yule mama ana mtoto mmoja wa kiume aliyebaki pale, rika langu. Tulimkuta akikata nyasi za ng'ombe. Nilimweleza kila kitu tukiwa tumesimama, kwa maana nilishindwa kukaa. Alisikiliza. Kisha akaenda kumfungua ndama, akamfunga mahali pengine, akarudi. Akasema, "Mvua ikinyesha mama alikuwa anapanga sufuria chini, halafu anasema, daftari lilikula zamu yangu. Sisi tulidhani ni msemo wake tu."

Nikamwambia tumeleta pesa za mabati ya nyumba nzima, bei ya leo, pamoja na sehemu ya tano. Akasema pesa atapokea, kwa sababu ni za mama. Lakini akataka kitu kingine. Akataka kuuona ukurasa wenyewe. Nilimpa daftari. Alisoma polepole huku kidole kikifuata mistari, akafika kwenye jina la mama yake, akasimama hapo muda mrefu. Halafu akauliza kama katika ile ibada yetu jina hilo linaweza kusomwa.

Lilisomwa. Nilisoma mimi, baada ya habari za huduma ya baba, si kabla. Nilisema alihubiri Injili miaka mingi na wengi waliokoka, na nilisema kuna mama ambaye zamu yake haikufika, na jina lake ni hili. Baadhi ya watu wa ukoo waliinuka wakatoka nje. Yule mtoto wa mama alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Sijui kama ametusamehe. Hajasema, nami sijamuuliza, kwa sababu msamaha ni wake, si risiti ya kudaiwa baada ya kulipa.

Ninyi mnaosoma karatasi hii mjue kwamba hata kijigazeti cha kanisa ni daftari. Mwaka 1906, uamsho wa Azusa ulipowaka kule Los Angeles, mume na mke wa Kimeksiko, Abundio na Rosa López, walitoa ushuhuda wao, na gazeti la ile misheni likauchapisha kwa Kihispania. Lingenyamaza, tungedhani Wameksiko hawakuwapo Roho aliposhuka. Tunachoandika ndicho watoto wetu watakachojua, na tunachochana pia kitawafikia, kwa njia nyingine, kama sufuria zilizopangwa chini wakati wa mvua.

Kwa hiyo mpendwa, kama wewe bado uko hai na una ukurasa kama ule wa baba, usiwaachie watoto wako kazi hiyo. Baba alikuwa na miaka 25 baada ya kuokoka. Kijito chenyewe si kipana, kiangazi unavuka kwa mawe.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Soma Mathayo 5:23-24. Kwa nini Bwana anamtuma mtu aache sadaka kwanza?
2. Katika familia yako, ni lipi ambalo ni aibu ya kufunikwa, na ni lipi ambalo ni deni la kulipwa?
3. Je, kuna mtu uliyemsaidia kwa gharama ya mtu mwingine?

Tuombe: Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa damu ya Mwanao inayotusafisha. Tupe ujasiri wa kuvuka kwa yule tuliyemdhulumu angali hai, na kama amelala, utuonyeshe jamaa yake. Katika jina la Yesu, amina.